Siku Mama Alipowatoa Wasichana Uwanjani

Juzi nilikuwa kwenye basi la kwenda Mbeya, abiria wa kiti cha mbele yangu akafungua kikopo cha dawa ya kuchua na kuanza kujipaka gotini. Harufu ile kali, inayochoma pua na kutia baridi machoni, ilinikuta sijajiandaa. Niligeukia dirishani nikajifanya natazama mahindi ya watu. Kumbe sikuwa kwenye basi tena. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, miguu haifiki chini, vidole vinanata maji ya machungwa ya mapumziko.

Mama yangu alikuwa mkufunzi wa chuo kimoja cha ualimu Sumbawanga. Asubuhi alifundisha Jiografia, lakini mji ulimjua kwa kazi yake ya jioni: alikuwa kocha mkuu wa timu ya mpira ya wanawake ya chuo hicho. Tulikaa Katandala. Baba alifanya kazi Namanyere na kuja nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya mama na filimbi yake. Filimbi haikutoka shingoni hata akisonga ugali. Alitumia hiyo hiyo kutuita kula, mimi na wadogo zangu, na ikafika mahali kuku wa jirani nao wakiisikia wanakuja mbio. Siku ya maharage ndiyo tulichelewa kula zaidi, maana badala ya kuyachambua aliyapanga kwenye sinia, hili beki, hili kiungo, hili linapanda, na sisi tunasubiri timu iishe iingie chunguni.

Wasichana wengi walifika chuoni hawajawahi kupiga mpira. Walikuwa watoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, wenye mapafu ya kupanda vilima na aibu ya kuvaa bukta. Mama aliwaambia, “Macho kwanza, miguu baadaye,” na aliwaambia hivyo hivyo kila siku mpaka nami nikawa nasema hivyo nikivuka barabara. Niliowapenda zaidi ni wawili. Zuhura, mshambuliaji, alikuwa binti wa mvuvi wa Wampembe, na alicheka hata akiangushwa. Yustina, golikipa, alitoka kijiji cha jirani na mji. Alikuwa mrefu na mpole, na ndiye aliyenisuka nywele Jumamosi nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake yanayonuka dawa ile ile ya kuchua.

Fainali ya kombe la vyuo ilichezwa kwenye uwanja wetu, msimu wa mvua. Wageni walitoka mkoa mwingine. Mkuu wa chuo alikaa chini ya turubai na wakubwa wenzake, na baba yake Yustina alikuwa amekuja kwa baiskeli kumwona binti yake kwa mara ya kwanza. Zuhura alitupatia bao kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili kilikuwa kimepamba moto hasa nilipoona mama hatazami mpira. Alikuwa anatazama upande wa milima ya Mbizi, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kushuka, na midomo yake inacheza. Nikasogea. Alikuwa anahesabu kwa Kifipa, pole pole, kuanzia mwanga ulipomulika mpaka ngurumo ilipofika. Akanyamaza, akasubiri mwanga mwingine, akahesabu tena. Safari hii hakufika mbali.

Alimfuata refa pembeni akamwomba asimamishe mchezo. Refa alisema hata tone halijadondoka. Mama akarudi, akahesabu mara nyingine, halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona kocha akilifanya. Aliingia uwanjani. Hakukimbia. Alitembea mpaka katikati, mpira unapita karibu na miguu yake, akapuliza filimbi yake mwenyewe.

“Tokeni,” aliwaambia wasichana. “Nyote. Ingieni darasani.”

Uwanja mzima ulipigwa na butwaa. Refa alimwonyesha kadi na kumwambia kwamba timu ikitoka, kombe ni la wageni. Watu walianza kuzomea. Mkuu wa chuo alikuja mbio, tai imerukia begani, akamuuliza kama anajua anachokifanya. Mama alimjibu kwa sauti ya kawaida, kama vile wako ofisini, “Kombe tutalitafuta mwakani, mkuu. Hawa wasichana nimekabidhiwa na wazazi wao.” Wasichana walitoka wanalia. Yustina alikuwa wa mwisho, maana goli lake lilikuwa upande wa mbali. Alivua glovu akiwa anatembea. Mama alimsubiri mpaka alipompita, ndipo akarudi kwenye benchi akanishika mkono.

Tulikuwa mlangoni mwa darasa wakati wageni, ambao walikuwa wamebaki katikati ya uwanja wakishangilia, waliposimama ghafla. Nakumbuka nywele za mikononi mwangu zilisimama. Kisha kila kitu kikawa cheupe. Sikusikia mlio, au niliusikia kwa kifua, sijui. Nilipofungua macho, goli la Yustina lilikuwa linafuka moshi. Nyavu zilining'inia zimeungua. Nyuma yake ng'ombe wawili waliokuwa wanakula majani walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka. Katikati ya uwanja wachezaji wawili wa wageni walikuwa chini.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mwanga wenyewe, watu wengi kiasi kile na kimya namna ile. Aliyetangulia kuwakimbilia wasichana wale alikuwa mama. Walipelekwa hospitali, na tunamshukuru Mungu, waliamka wote wawili na kurudi kwao. Yustina alikaa sakafuni darasani, anatazama glovu zake.

Nililala usiku ule nikiamini kwamba kesho mji mzima utakuja kumshukuru mama. Nilipanga hata nguo nitakayovaa.

Sasa ninyi mnaosoma, najua mnavyotuchukulia. Nikijitambulisha kwa watu wa miji mingine kwamba natoka Sumbawanga, huwa wanacheka na kuuliza nimepanda ungo kama wachawi au basi. Nami hucheka nao. Ila wakati ule sikujua kicheko hicho kinatoka wapi. Kwetu radi ilipopiga, wengi hawakuuliza ilitoka wingu gani. Waliuliza imetumwa na nani. Na mwanamke aliyetangulia kujua itapiga wapi, akawatoa watu wake na kuwaacha wa wenzake, alijuaje?

Swali hilo lilianzia sokoni, likafika nyumbani kabla ya Jumapili. Jirani aliyekuwa akituma mtoto kuomba chumvi alianza kununua yake. Kanisani, benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa hata kwa kulala. Darasani kwangu, rafiki yangu wa dawati moja alihama, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mama yake ndiye amemtuma.

Halafu akaja baba yake Yustina. Mama alimsalimia shikamoo, akamkaribisha kiti, nami nikaambiwa nilete maji. Hakuyanywa. Alizungusha kofia yake mikononi muda mrefu.

“Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe,” alisema. “Nataka tu uniambie ulijuaje.”

Mama alimweleza yote, mwanga na ngurumo, jinsi muda wa katikati unavyopungua radi inaposogea. Alimweleza taratibu, kwa heshima, kama anavyofundisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Pale tulikuwa watu wengi, na wote tuna macho na masikio,” alisema. “Mbona wewe peke yako?”

Siku hiyo hiyo alimpandisha binti yake kwenye baiskeli wakaondoka. Nilisimama mlangoni. Goli lililoungua lilikuwa la mtoto wake. Nilitaka mtu mzima yeyote anieleze, na hakuna aliyenieleza.

Wazazi wengine walifuata. Mkuu wa chuo alimwomba mama apumzike ukocha kidogo, mpaka maneno yatulie. Mama alikubali kupumzika kwa mdomo tu. Jioni alibeba mfuko wa mipira akaenda uwanjani, akamkuta Zuhura anamsubiri na wenzake wachache, wakaanza kupasiana. Aliendelea hivyo hadi likizo. Hakujitetea kwa mtu tena.

Muhula mpya Yustina alirudi, kwa miguu, viatu vya mpira vimefungwa shingoni. Hatukujua amemwambia nini baba yake. Timu ilijaa tena pole pole, na mama alirudishiwa cheo bila sherehe. Kombe walilichukua baadaye, na mengine baada ya hapo, mpaka alipostaafu. Baba yake Yustina alianza kuja kutazama. Alisimama upande wa pili, mbali nasi, hakusalimia. Lakini wingu likianza kukusanyika, hakutazama juu kama watu wengine. Alimtazama mama yangu.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa nimeshaolewa, nimekwenda kumsalimia, tunapukuchua mahindi uani, nikamuuliza nani alimfundisha kuhesabu vile. Alisema alijifunza mwenyewe, baada ya radi kupiga darasa lao kijijini akiwa mdogo na kumuua msichana aliyekaa naye. Niliacha kupukuchua. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Akaongeza, bila kuinua uso, kwamba wanakijiji walimtafuta aliyeituma, wakasema ni bibi yake mama yangu. Walimfukuza. Bibi alihamia kwa ndugu mbali, na hawakuonana tena.

Utotoni nilidhani mama alishangaa kama mimi. Nilidhani mji ulimgeuka ghafla, kama ulivyonigeuka mimi, na kwamba ile hali yake ya utulivu ilikuwa ushujaa uliokuja baadaye.

“Kwa hiyo siku ile,” nilimuuliza, “ulipokuwa unaingia uwanjani, ulijua watasema nini?”

“Nilijua tangu nilipoinuka kwenye benchi,” alisema, akachukua gunzi lingine.