Ng'ombe Niliyewaambia Watu wa Benki Kwamba Amekufa

Nilikuwa nimesimama uani kwangu, Kibosho, miguu pekupeku, nimevaa shati la marehemu baba lenye tundu mgongoni, natazamwa na watu wawili wa benki, mwenyekiti wa kitongoji na majirani ambao hata sikuwaita, na ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumwambia mkubwa wao, mama mmoja, kwa sauti ya kulia, "Mama, yule ng'ombe niliyeweka dhamana alishakufa, nilimfukia mwenyewe," ng'ombe akaitikia kutoka kwenye migomba ya jirani. Aliita, akaita tena, tukasikia mti unavunjika, na mara huyo anakuja mbio, kiwele kimejaa, anaburuta kamba na nguzo ya banda la watu, akapita katikati ya wageni mpaka kwangu akaulamba ule mkono niliokuwa nimeuinua kuapa.

Watu walicheka wengine wakakaa chini. Mpaka leo nikiingia kilabu cha mbege kuna wapumbavu wananiita Mfufuaji, kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe ilivyokuwa, na majina ya waliohusika nayataja, maana aibu hii nimeila peke yangu muda mrefu mno.

Wa kwanza ni Prosper, mtoto wa baba yangu mdogo. Wakati ule bei ya kahawa imeanguka na kila mkutano tunaambiwa soko huria, fanyeni biashara, basi nikakopa benki mjini Moshi nikanunua mashine ya kusaga mahindi, nikaweka dhamana hiyo hiyo mashine na ng'ombe wangu wa kisasa. Haukupita muda wenzangu wawili nao wakanunua, tukawa na mashine tatu barabara moja na mahindi hakuna (sisi huku tunakula ndizi, jamani, hilo nalo aliyenipa mkopo hakuliona?). Mashine ikanyamaza, deni likabaki linanguruma. Kilichokuwa kinaniweka hai ni ng'ombe, maana maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlipia binti yangu Devota ada ya sekondari.

Sasa Prosper alikuwa tarishi pale benki, kazi yake kubeba mafaili na kuchemsha chai, lakini akipanda Kibosho utadhani ni meneja. Akaja, akakaa, akapewa mguu wa mbuzi na mbege, akafuta mdomo.

"Kaka, benki inauzwa kwa wawekezaji. Inasafisha vitabu. Mikopo iliyooza yote inafutwa."

"Na wangu?"

"Sheria inasema wakija wakakuta huna kitu cha kukamata, wanaandika hasara wanaondoka. Kuna tajiri wa malori yanayovuka mpaka wa Holili kafutiwa mkopo mkubwa, sembuse wewe na kimashine chako? Aisee, wewe onekana fukara tu. Ng'ombe sema amekufa."

Mimi nimeishia darasa la nne, sheria za benki ningezijulia wapi? Yeye anashinda nazo, hata kama ni kwa kuzibeba kwapani. Nikamwamini, akaondoka na mkungu wa ndizi juu.

Mashine ilikuwa imejengewa sakafuni na hakuna anayeitaka, nikaiacha; vitu vingine nikaanza kuhamisha. Makochi nikayapeleka kigangoni, nikamwomba katekista Venansi ayaweke chumba cha nyuma kwa siku chache (huyu ni wa pili, mwandikeni). Jumapili nimekaa kanisani na mke wangu, nasikia Venansi anatangaza, "Tumpigie makofi ndugu yetu Aloyce, ametoa makochi kwa ajili ya mapadre wanaokuja kutusomea misa!"

Kanisa zima likapiga makofi. Mke wangu akanigeukia polepole. "Baba Devota, umetoa makochi yangu?"

Ningesema nini pale? Kwamba sikutoa, nimeyaficha tu humu ndani ya nyumba ya Mungu ili niidanganye benki? Nikasimama nikapunga mkono.

Ng'ombe nikampeleka kwa jirani, Mama Felista. Huku kwetu kumpa mtu ng'ombe akutunzie ni mambo ya tangu mababu, nikajua hakuna atakayeuliza. Nilichosahau ni kwamba yule ng'ombe nilikuwa namkamua mwenyewe, kila jioni naingia na majani huku naongea naye kwa sauti kubwa, na akisikia hiyo sauti saa ya kukamuliwa hazuiliki. Watu wa benki waliahidi kuja asubuhi. Gari lao likanasa kwenye tope la barabara yetu, wakafika jioni, na mimi nikapaza sauti kulia umaskini.

Basi, ng'ombe ananilamba, mama wa benki ananitazama.

"Mzee, huyu ni wa nani?"

"Wa Mama Felista."

"Wangu?" Mama Felista akapiga kelele kutoka kwenye ua wa masale unaotutenganisha. "Changu ni hiyo nguzo! Nani anajenga banda langu?"

Mwenyekiti akasema, "Aloyce, mkamue basi, anateseka."

Nikachuchumaa nikamkamua marehemu mbele ya benki. Alitoa ndoo imejaa, hajawahi kutoa vile.

Yule mama hakunigombeza, na ndicho kilichoniuma. Nilipomweleza niliyoambiwa kuhusu kufutiwa mikopo, alisema, "Mzee wangu, nani alikuambia benki ikifuta deni mtu amesamehewa? Tunaliondoa kwenye hesabu zetu, kwa sababu sheria haituruhusu kuonyesha mali ambayo hatutarajii kuipata. Wewe unabaki unadaiwa. Hata huyo wa malori tunamdai mpaka kesho."

"Kwa hiyo hata kama ng'ombe angekufa kweli?"

"Ungedaiwa. Nilikuja na nia ya kukupangia ulipe kidogo kidogo kwa maziwa. Lakini ukishaficha dhamana, nitamwambia nini bosi wangu?"

Dalali alikuja akamswaga ng'ombe hadi mnadani na mashine ikabebwa. Devota alifukuzwa shule kwa kukosa ada, akakaa nyumbani mwaka mzima akichuma kahawa za watu, na hakunisemesha vizuri mpaka aliporudi darasani. Makochi bado wanakalia mapadre. Mimi nimeapa sitaficha tena hata kuku.

Lakini Prosper! Prosper sasa ana duka Bomang'ombe, kila Krismasi anapanda na viatu vinang'aa, akiniona ananipa shikamoo kama hakuna kilichotokea. Safari hii, Prosper, shikamoo yako siitaki. Baada ya misa, ukoo ukiwa umekaa, simama mbele ya Devota umjibu: ile sheria uliyonisomea uliiona wapi, na mwaka wake wa shule unamlipaje?