Kibao cha Kaka

Nikipita karibu na mashine ya kusaga karanga katika soko la Likasi, harufu yake hunirudisha uani kwetu, nikiwa msichana mdogo, nimepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, viganja vinawaka moto.

Siku hiyo kaka yangu alirudi kutoka shule na kibao chake cheusi cha jiwe.

“Mwalimu anasema libwe yako ilizaliwa na moto, njo maana iko na nguvu ya kusaga,” aliniambia, akiligusa jiwe langu, kisha akainua kibao chake. “Yangu ilikuwa matope. Ikafinywa chini ya udongo, ikapata joto, ikageuka. Inapasuka bapa, na chaki inashika muzuri.”

Nilijaribu chaki juu ya jiwe langu. Ilisagika ikawa vumbi. Basi kaka akanipa kibao, akanishika mkono, tukaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Baba alitukuta hapo. Aliifuta kwa kiganja chake.

“Baba, minye pia nataka kusoma.”

“Weye uko na libwe yako,” alijibu, akamrudishia kaka kibao.

Nilimtazama mama, aliyekuwa akipuliza makaa karibu yetu. Alisikia yote, na akaendelea kupuliza.