Uzi Mwekundu wa Bastola ya Plastiki

Safari yangu ya kwenda London ilichukua miaka sita na siku mbili. Miaka sita ya kusubiri vocha ya kuingia Uingereza, siku mbili za kusafiri. Baba alikuwa ametugawa, kama Wahindi wengi wa Kisumu walivyogawa watoto wao: kaka yangu akachukua uraia wa Kenya ili duka lisitutoke, mimi nikabakishwa na pasipoti ya Uingereza ili mambo yakiharibika tuwe na mlango wa pili. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kuwa mlango.

Kaka alinisindikiza hadi stesheni ya Kisumu. Nilipanda treni ya Nairobi na kapu la thepla, chapati za viungo alizokaanga mke wake, kisha ndege ambayo ilitua Khartoum, ikatua Cairo, na ikaharibika Athens, tukakaa sakafuni nusu siku na watoto wanaolia. Heathrow afisa aliniuliza kama nimekuja kukaa. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nilifikia Harrow, pembezoni mwa London, kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyetangulia zamani pamoja na mkewe, ambaye tulimwita Mami. Mjomba alinipa chumba kidogo cha juu. Kazi nilibadilisha kama shati: ghala la vitabu vya shule, kiwanda cha biskuti, kupanga barua posta. Sikutulia popote. Jioni nilipanda Metropolitan line mpaka mwisho wake na kurudi, bila shughuli, kwa sababu tu treni ile ilinipa hisia ya kuondoka.

Jumapili mchana wazee walijaa sebuleni kwa mjomba. Wa Kisumu, wa Mwanza, mmoja wa Jinja. Mmoja Mpunjabi, mwingine Mkachi, sisi Wagujarati, kwa hiyo lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, hasa wakati wa kutukanana. Na jambo walilolipenda kuliko kriketi lilikuwa bastola. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na yake, aliyoilaza chini ya kaunta ya duka, na kila mmoja aliikabidhi polisi siku alipohama. Wawili walikuwa bado na risiti ya polisi ndani ya pochi. Karatasi zimechakaa mpaka hazisomeki, lakini walizitoa na kuzionyesha kama picha za wajukuu.

Sikuwachukia wakati ule. Hilo lilikuja baadaye.

Mwaka wangu wa nne ikaja barua ya kaka. Wezi waliingia dukani wakamfunga kamba yeye na mkewe. Polisi sasa wamempa kibali cha silaha. Bastola ya Baba ilichukuliwa Baba alipofariki, hivyo inambidi anunue mpya, na muuzaji wa Nairobi amemwonyesha moja ndogo ya siku hizi, mwili wake wa plastiki. "Niulizie wazee," aliandika, "hasa waliowahi kuwa nazo. Mimi sijui kitu."

Nikaisoma barua kwa sauti. Heri ningeimeza.

"Plastiki?" mzee wa Mwanza alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Anataka kumpiga mwizi au kumwagia maji?"

"Wewe nyamaza," alisema wa Jinja. "Yako ya chuma ilipata kutu mpaka ukaitumia kuvunjia njugu."

"Na bado ilitisha watu!"

"Ilimtisha mkeo tu."

Niliandika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mle ndani, kijana aliyemaliza sekondari, mwenye mwandiko mzuri. Nyepesi, kwa hiyo itaruka mkononi. Nyepesi, kwa hiyo utaibeba kutwa bila kuumwa kiuno. Jasho la Kisumu haliwezi kuila. Joto la Kisumu litaiyeyusha. Ndogo, inajificha chini ya shati. Ndogo, mwizi hataiona na hataogopa. Kurasa tatu za maoni ya wenye bastola, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika bastola ile.

Mwisho mjomba akainua kidole. "Andika na hili. Asisahau Dasara."

Lazima nieleze. Dasara ni sikukuu ya Kihindu ambayo siku yake sisi huosha vyombo vya kazi na silaha, kuvipaka kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, na kuvifunga uzi mwekundu. Dukani kwetu mizani ilipakwa, daftari likapakwa, cherehani ikapakwa. Bastola ya Baba ilikuwa na utaratibu wake. Haikuwekwa mbele ya Mungu bila risasi, maana chombo kitupu kwenye ibada ni aibu. Na uzi wake haukufungwa kwenye mpini. Baba aliupitisha kwenye kifyatulio, pale kidole kinapovuta, akaukaza kwa nguvu. Alisema anaifunga hasira ya mwaka mzima. Tulikua tukiona hivyo kila mwaka na haikuwahi kutokea kitu.

"Aifanyie kama baba yake alivyofanya," alisema mjomba. "Ijae, na uzi ukazwe vizuri. Iwe ya plastiki, iwe ya dhahabu, mila ni mila."

Nikaandika. Nikatia bahasha, nikalamba gundi, nikabandika stempu.

Ndipo akaingia Fundi. Tulimwita hivyo sote, Singasinga aliyewahi kufanya kazi reli ya Kisumu na sasa alitengeneza mabasi. Siku zile sheria ya Uingereza ilikuwa bado haijapiga marufuku bastola za vilabu, na Fundi alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha nje ya Watford. Alikuwa nayo ile ile ndogo ya plastiki. Mmiliki pekee wa kweli, na alichelewa kwa sababu alikuwa anafunga breki za basi.

"Nzuri sana," alisema tulipomsomea barua, bado amevaa koti. "Naipenda kuliko zote nilizowahi kushika. Lakini si kama zenu. Zenu zilikuwa na kile kichuma cha usalama pembeni, ukikibana hailii hata ufanye nini. Hii haina. Usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe: ukikivuta tu, imelia. Mwambieni asiguse pale ila siku ya kufyatua. Si kidole, si kitambaa, si chochote."

"Si uzi?" alisema wa Jinja.

"Uzi gani tena?"

Mjomba alipunga mkono. "Mambo ya ibada, Fundi. Hutayaelewa, wewe kunywa chai."

Wakacheka. Mimi nilikuwa na bahasha mkononi. Niliitazama. Ningeweza kuichana pale pale. Lakini ningekuwa nimemwambia mjomba mbele ya wenzake kwamba amekosea, na nilikuwa nalala kwake na kula kwake. Nikajiambia nitaandika nyingine wiki ijayo. Nikaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta la kona, jekundu, nikasikia ikianguka.

Wiki ijayo sikuandika. Wala iliyofuata.

Simu ililia asubuhi ya Dasara. Alikuwa shemeji, mke wa kaka. Bastola ililia wakati kaka anakaza uzi, ameipakata. Risasi ilipita pajani ikavunja goti. Siku chache baadaye madaktari walikata mguu.

Jumapili iliyofuata wazee walikuja wakiwa na nyuso za msiba na matumbo ya chai. Nilidhani mjomba atalia. Alikaa, akakoroga sukari, akasema, "Nilisema mimi. Plastiki! Ingekuwa chuma isingetokea."

"Kweli kabisa," alisema wa Mwanza.

"Kijana mwenyewe naye," alisema wa Jinja, "angetoa risasi kwanza."

Sijui nilifikaje katikati ya chumba. Nakumbuka sahani ya chevda, vile vitafunio vya njugu na dengu, ikivunjika ukutani. "Nyinyi ndio mliosema ijae!" nilipiga kelele. "Nyinyi! Mna risiti za bastola, hamna bastola! Mmekaa hapa kwenye zulia na hita mnapiga hadithi, na kaka yangu amekatwa mguu kwa hadithi zenu!"

"Shika adabu," alisema mjomba. "Uko kwangu."

Binti yake, aliyezaliwa Harrow, alisema kwa Kiingereza kutoka mlangoni kwamba ninasema kweli. Akaambiwa aende juu.

Nikatoka. Fundi alinifuata hadi kwenye geti, nikadhani amekuja kunituliza.

"Ulisikia nilivyosema," aliniambia. "Ulikuwa na bahasha mkononi. Kwa nini hukuandika?"

Nikafungua geti, nikaenda kupanda treni. Nimewahi kumchukia Fundi kwa swali lile kuliko nilivyowachukia wengine wote kwa kicheko chao.

Kisha ikaja barua ya kaka, fupi, mwandiko umelegea. Hakulaumu mtu. Alisema hawezi tena kusimama kaunta. Alisema: "Niliukaza vizuri, kama ulivyoniandikia."

Kama nilivyomwandikia mimi. Si kama mjomba alivyosema. Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliacha kazi posta siku ile ile. Wiki mbili baadaye nilishuka ngazi na sanduku lile lile nililokuja nalo. Mjomba alikuwa sebuleni na gazeti, hakuinua kichwa, na mimi sikumuaga. Mlangoni alisimama Mami na sahani ya shaba, kama anavyofanya kwa kila msafiri wa nyumba ile: kumkumu, punje za mchele, na uzi mwekundu wa kufunga mkononi. Nikainama, akanipaka alama kwenye paji la uso. Kisha akachukua uzi.

"Nipe mkono, mwanangu."

Nikautia mkono mfukoni.

"Huo hapana, Mami," nilisema, nikabeba sanduku, nikashuka kuelekea stesheni.