Maziwa ya Demmo na Meno ya Samba

Hapakuwa na mtu mjini Dori asiyeyasifu maziwa ya Demmo. Alifika sokoni jua likiwa bado changa, buyu kichwani, na kabla hajalitua wanawake walikuwa wameshamzunguka na mabakuli yao. Salamata, mke wa fundi cherehani, alipokuwa mjamzito hakungoja hata kufika kwake. Alikunywa palepale amesimama, akafuta mdomo na kuomba tena.

Mwaka uleule Demmo naye alikuwa na mimba. Yeye hakunywa. Kumbo, mama wa mumewe, alimwonya mapema.

"Ukinywa maziwa mtoto atanenepa humo ndani, akatae kutoka. Kula uji wako wa uwele, ushukuru."

Kumbo mwenyewe ndiye aliyeshika kata. Alipima ya kwenda sokoni, na yaliyosalia akayanywa yeye, maana umri wake wa kuzaa ulikuwa umepita na hatari haikuwapo.

Samba alizaliwa mdogo, akatoka upesi, na bibi yake akajisifu kijiji kizima. Kisha meno yakaota. Yalikuwa ya njano, yana vishimo, na kingo zake zilimomonyoka kama ukuta wa udongo baada ya mvua. Mtoto akawa analia hata akitafuna karanga za kuchemsha.

"Peremende hizo," Kumbo alisema, ingawa Samba hakuwahi kuonja peremende.

Demmo akamfunga mgongoni, akampeleka zahanati. Muuguzi wa meno, Yero, alimchungulia mdomoni kwa muda mrefu.

"Dada, meno haya yalianza kujengwa ukiwa na mimba. Sababu huwa nyingi, lakini mama asipokula vizuri, mtoto anaweza kuota meno dhaifu. Maziwa ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nayabeba."

"Nimeuliza kunywa."

"Kunywa ulikuwa unakunywa wewe, daktari. Si nakuletea mpaka mlangoni?"

Yero akageuka kutafuta pamba ambayo haikuwa imepotea. Siku hiyo Samba alirudi nyumbani na mapengo mawili.

Mimba ya pili ilipoingia, Demmo hakubishana na mtu. Akishapita mashamba, alitua buyu kivulini, akanywa mpaka akatosheka, kisha akaendelea na safari.

"Mbona siku hizi mauzo yamepungua?" Kumbo aliuliza.

"Yanamwagika njiani, mama."

"Kila siku?"

"Njia mbovu."

Kumbo akamwamuru mwanawe, Hamma, achukue jembe akasawazishe njia. Maskini akashinda juani akifukia mashimo, akarudi na malengelenge mikononi. Njia ikawa laini kama mkeka. Maziwa yakaendelea kumwagika.

Takko alizaliwa mnene, na akatoka bila shida. Meno yake yaliota meupe, magumu, na Kumbo akawa anamfunua mdomo mbele ya kila mgeni.

"Meno ya ukoo wetu haya! Mama yake nilimlinda mwenyewe. Hakugusa hata tone."

"Kweli, mama, ulinilinda," Demmo akajibu, akikoroga uji.

Wageni wakacheka, wakampongeza bibi. Samba naye akacheka, mkono ukifunika meno kama alivyozoea. Demmo akamvuta kwake, akamkalisha kando ya chungu.