Hina ya ndevu ilivyonizeesha Bagamoyo: mnaoanza kujipamba, someni kwanza

Wakuu, assalam aleikum. Na kwa wale wa mashambani, habari za kilimo.

Naona humu vijana mnaulizana namna ya kupendeza: wanja upi, mafuta gani, kofia ipi. Na wanaowajibu ni watu ambao ukikutana nao njiani unaingiza mkono mfukoni uwape sadaka. Nikaona nisinyamaze.

Haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo. Nikiongeza chumvi, ndevu zangu zisiote tena. Atakayefika mwisho atajua kwamba kwangu hicho si kiapo kidogo.

Picha hakuna. Mwenye chombo cha kupigia picha mjini hapa ni padri, na sidhani kama angekitoa kwa ajili ya kidevu changu.

Twende.

Mimi ni mtu wa Fukayosi. Niliingia mjini miaka michache kabla Wadachi wa Ujerumani hawajaanza kuzungukazunguka na bendera yao. Nikapata kazi kwenye ghala la tajiri mmoja wa Kihindi, kuchekecha na kuosha sandarusi. Kwa wasioijua, hiyo ni ile gundi inayochimbwa ardhini, Wazungu wanaing'ang'ania kwa ajili ya kung'arishia viti vyao. Kabla haijaoshwa ina vumbi jeupe linaloingia kila mahali. Jioni ukitoka ghalani unafanana na mtu aliyetumbukia kwenye unga.

Siku moja nikapita kisimani kunawa. Nikamkuta msichana anachota maji, anaitwa Mwanaheri, mjukuu wa bibi mmoja msuka mikeka. Jina lake nililijua baadaye. Siku ile hata la kwangu nililisahau.

Akakitazama kidevu changu kilichojaa vumbi. Akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, babu."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kata yake kisimani.

Mtu mwenye akili zake angenawa uso akaenda zake. Mimi nilinawa uso nikapenda.

Wazazi wangu wameshatangulia mbele ya haki, na baba yangu mdogo yuko Fukayosi, mji haupendi na mji nao haujamwuliza. Kwa hiyo nikamwendea Bi Tatu, mama anayeuza vitumbua mlangoni mwa ghala, nikamwomba awe mshenga wangu. Bi Tatu anazijua nyumba zote za mjini na siri zake, na vitumbua ni kisingizio tu.

Akaenda, akarudi na jibu. Bibi hajakataa, ila anataka kumwona kijana mwenyewe. Na kijana afanye haraka, kwa sababu mjomba wa Mwanaheri yuko bara na msafara wa pembe, na akirudi anakuja na rafiki yake, msimamizi wa wapagazi, ambaye ameshaahidiwa binti kwa mdomo. Bibi hampendi huyo rafiki. Lakini mjomba akishafika, neno la mwisho ni lake.

Basi nikaamua kupendeza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilianza kwa Sadala, kinyozi, rafiki yangu. Sadala ni mtu wa mjini toka tumboni, na kama watu wote wa mjini, hajawahi kukosa jibu.

Akaanza na nywele. Mimi nilikuwa nazifuga kwa fasheni ya kwetu, nazipaka mafuta ya mbarika mpaka zinameremeta. Sadala akanusa, akasema kichwa changu kinanuka taa. Akanyoa zote. Masikio yakatokeza makubwa kuliko nilivyoyaacha Fukayosi.

Akaniazima kanzu yake. Sadala ni mrefu, kwa hiyo upindo ulikuwa unafagia njia, ikanibidi nitembee taratibu nisijikwae. Akasema mwendo wa taratibu ndio uungwana.

Nikanunua makubadhi mapya. Ngozi ngumu kama ubao. Visigino vikachubuka kabla sijafika kona, nikaanza kuchechemea. Sadala akaniazima na bakora. Akasema bakora nayo ni uungwana.

Wanja akanipaka yeye mwenyewe, kwa mkono ule ule unaotetemeka akinyoa watu. Ukatoka kwenye jicho ukaelekea sikioni kama una shughuli zake huko.

Udi nao. Chetezo unakiweka chini, unasimama juu yake, kanzu inameza moshi. Wataalamu wanasema usimame mpaka nguo ishike harufu. Mimi nilisimama mpaka nikashika kifua, nikawa nakohoa kila baada ya maneno mawili.

Sasa mnisikilize vizuri. Mpaka hapo bado ningeweza kuokoka. Lililonimaliza halikutoka kwa Sadala, ni ubunifu wangu mwenyewe.

Tajiri wangu ana ndevu za hina, nyekundu, nzuri kweli. Akipita, watu wanasimama. Makarani wanamwamkia, madalali wanamwamkia, hata mbwa wa sokoni wanapisha. Mimi nikakaa nikayapima mambo kwa akili zangu zote, nikaona: heshima ile yote imo kwenye zile ndevu.

Kwamba chini ya hina kuna mvi za mzee wa wajukuu, hilo halikunijia. Mimi ndevu zangu zilikuwa nyeusi tii.

Nikakoroga hina kwa ndimu, nikaibandika kidevuni, nikafunga na jani la mgomba, nikalala nayo. Asubuhi kidevu kilikuwa kimeiva upande mmoja kama embe. Sadala alipokiona alikizunguka pande zote. Kisha akasema inategemea na mtazamaji.

Ngoja kwanza, muadhini anaita Alasiri. Narudi.

Nimerudi. Naona kuna mmoja ameshauliza hina ya wapi. Ndugu yangu, hujaelewa uzi. Soma polepole.

Basi nikaelekea kwa kina Mwanaheri, nachechemea na bakora, nakohoa, kidevu kinawaka. Na njia nzima, wakuu, watu wananiamkia. Watoto shikamoo. Vijana wa rika langu shikamoo. Mama mmoja mwenye mjukuu mgongoni, shikamoo. Nami naitikia marahaba, marahaba, nimefura kifua, najiambia kweli kupendeza kunalipa.

Nikakaribishwa barazani. Bibi yuko nyuma ya pazia la mlango. Macho yake yana ukungu, haoni vizuri, ila rangi anaiona na masikio yake yanasikia mpaka unachofikiri. Akanisalimu kwa utaratibu, kama inavyotakiwa kwa mgeni.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi."

"Watoto hawajambo?"

Ninyi nanyi mngejibu nini? Salamu ni salamu. Tena kule Fukayosi wapo watoto wa marehemu kaka yangu, nao walikuwa wazima. Nikasema hawajambo.

"Na mama zao?"

"Hawajambo wote, wanakusalimu," nikajibu, nikakohoa.

Akalivuta pazia likabana zaidi. Nyuma yake nikasikia mtu anaziba kicheko kwa kiganja. Nikaona hiyo ni dalili njema. Mimi nilikuwa naona dalili njema kila mahali siku ile.

Kesho yake Bi Tatu akaja ghalani bila vitumbua, nikajua kuna jambo. Akasema posa imekataliwa. Bibi amesema mjukuu wake hampi mzee mgonjwa wa kifua, mlemavu wa mguu, mwenye wake wengi na watoto asiowataja idadi, tena anayeficha mvi kwa hina.

Nilikaa juu ya gunia la sandarusi, nikalia. Nasema wazi, nililia. Bi Tatu aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba wanja ndio unaozidi kunichafua.

Nikaenda kwa Sadala. Nikamwambia anyoe kidevu, asibakize hata kinyweleo kimoja. Nikavua kanzu yake, nikavaa shuka langu lililofuliwa, nikatupa makubadhi, nikanawa uso mpaka ukauma. Nikarudi kwa Bibi pamoja na Bi Tatu, miguu mitupu.

Safari ile njiani hakuna aliyeniamkia. Mtoto mmoja aliniomba nimsaidie kukamata kuku.

Tulipofika, Bibi akatoka mwenyewe mpaka barazani. Akanikaribia, akanitazama kwa macho yake yale.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mzee," akasema. Hakuwa anauliza.

Bi Tatu akanifinya mkono. Bibi akaendelea kwamba sauti ni ile ile ya baba, ila mimi nina adabu, sikohoi ovyo, natembea vizuri. Kijana kama mimi angempa mjukuu wake bila maneno mengi. Ila baba yangu asikanyage pale tena, hata siku ya harusi, asije akamtia binti mkosi.

Bi Tatu akanifinya tena, safari hii kwa kucha.

Wakuu, fikirini. Mlango uko wazi. Sitakiwi kumleta baba, natakiwa nisimlete. Neno moja tu, "ndiyo," nami nina mke kabla mjomba hajatokeza. Mdomo nilishaufungua.

Kisha nikaona maisha yangu yatakavyokuwa. Kila Idi naulizwa mzee hajambo, najibu hajambo. Siku moja itabidi nimfishe, nikae matangani kujililia mwenyewe. Watoto wangu wana babu, na babu ni mimi. Na Mwanaheri yuko nyuma ya pazia, anajua kila kitu, anasubiri kusikia ataolewa na mtu wa namna gani.

"Bibi," nikasema, "yule mzee ni mimi."

Bi Tatu akaachia mkono wangu kama umemchoma.

Bibi akajishusha mkekani, akakaa. Kisha akauliza, "Na wale wake zako?"

"Sina, Bibi. Uliuliza hawajambo, nikajibu hawajambo. Ningekujibuje?"

Hapo alikohoa yeye. Mpaka leo naamini alikuwa anacheka, lakini hakunipa nafasi ya kuhakikisha. Akatoa hukumu: nikae mpaka ndevu ziote tena, nije azione kwa karibu zinaota rangi gani. Zikiwa nyeusi, posa imekubaliwa. Mjomba akitangulia kufika, kila mtu na bahati yake.

Kwa hiyo, enyi mnaonitumia ujumbe wa faragha kuuliza namna ya kukuza ndevu haraka, mmefika kwa mwenyewe.

Nilipaka mafuta ya nazi. Nilisugua kitunguu, nikalia upya. Sadala akashauri majivu, nikapata upele. Akashauri niache majivu, huo ndio ushauri pekee wa Sadala uliowahi kufaa. Nilimwomba Mungu katika kila sala, na nilimwomba ndevu tu, mambo mengine nilisema yatasubiri.

Mnajua misafara inavyoingia mji huu, bunduki zinalia toka mbali, ngoma, vifijo. Watu wakisikia wanakimbilia barabarani. Mimi nikisikia nashika kidevu. Kila mara napeleleza, msafara wa nani? Si wa mjomba. Alhamdulillahi. Narudi kuchekecha.

Mpaka siku hiyo bunduki zikalia, na mpagazi mmoja aliyetangulia akapita ghalani akalitaja jina la mjomba.

Sikunawa. Sikuvaa kitu. Nilitupa chekecheo chini nikakimbia kama nilivyo, jasho na vumbi, nikipishana na mji mzima unaoelekea upande wa pili kupokea wageni wao.

Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Nikasimama mbele yake napumua kwa shida. Nikasema nimekuja, na mjomba yuko njiani.

Akanishika shavu, akanigeuza juani. Akaona kidevu cheupe chote.

"Mara nyekundu, mara hakuna, sasa nyeupe," akasema. "Utamaliza rangi."

Akakunja ncha ya kanga yake, akailowesha kwenye maji ya kulainishia ukili, akaanza kunifuta. Alifuta polepole kama anayefuta mtoto. Vumbi likatoka. Chini yake vikatokeza vinyweleo vyangu vifupi, vyeusi, vimesimama wima kama askari. Sijawahi kujivunia kitu vile.

Kisha kidole chake kikasimama. Akasogeza uso karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Na huu mmoja?"

Wakuu, ulikuwepo. Katikati ya kidevu, mweupe kabisa, wa kweli, hauna vumbi wala hina. Hofu zile zote za kusubiri bunduki zilikuwa zimeniotesha mvi.

"Huo umeota kwa ajili yako, Bibi," nikasema. Nilikuwa nimechoka kuwa mwungwana.

Akanitazama sana. Halafu akacheka, na safari hii hakusingizia kikohozi. Akamwambia Bi Tatu, aliyekuwa ameshanifuata mbio, aende akawaite majirani waje washuhudie, posa imekubaliwa kabla mwenye safari hajavua viatu.

Na kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ndogo, yenye adabu zote.

"Shikamoo, babu."

Nikaitikia marahaba. Sikujua marahaba inaweza kumtoa mtu machozi.

Mjomba alifika akakuta tumeshakula halua. Alinuna kwa kiasi kinachostahili, kisha akaomba na yeye aletewe.

Funzo kwa mnaoanza: jipambeni, sikatazi. Nyoa, oga, piga mswaki, fua nguo yako. Ila kabla hujajipaka kitu, mwulize aliyejipaka anaficha nini. Na unayemtaka, mwulize alikupendea nini. Mimi nilikuja kuuliza baada ya ndoa. Mke wangu akasema ni lile vumbi, lilinifanya nionekane mtu anayefanya kazi.

Haya, uwanja wenu. Wenye visa vya wanja na hina vilivyowatokea puani, leteni tucheke pamoja. Wa kubeza bezeni tu. Na mtakaoniamkia shikamoo kwa kejeli, msijisumbue kutafuta maneno mapya. Nyumbani kwangu naamkiwa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi naitikia.