Jina Nililolitaja Ziwani

Kabla hujacheka, nenda kamuulize Baba Paulina. Ni mzee wa kanisa, uongo hauwezi hata wa kumsifia mpishi. Ukimwuliza habari za siku ile ziwani atakutazama, atachukua shoka, atakwenda kupasua kuni hata kama kuni zimejaa mpaka mlangoni. Hayo ndiyo majibu yake miaka yote. Kwa hiyo nasema mimi, na nasema kweli tupu, maana yaliyonikuta niliyashika kwa mkono huu huu.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Kama hukuwepo huwezi kuielewa. Vita vya Uganda vimekwisha, na vitu navyo vimekwisha. Sabuni hakuna, tunafua kwa majani ya mpapai. Sukari unaisikia ikitajwa tu. Unga ni ule wa njano tuliouita yanga, na hata huo unapanga foleni kwenye duka la kaya tangu jogoo la kwanza. Baba Paulina, ambaye wakati huo hakuwa bado baba wa Paulina, alikuwa dereva wa lori hapa Babati. Lori lenyewe lilikuwa juu ya mawe, halina tairi hata moja. Kila asubuhi anakwenda kulifuta vumbi, analizunguka, kisha anarudi nyumbani Bagara kukaa.

Katika shida hiyo nikajifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Mvua ilinyesha usiku kucha. Hakulia. Walimfunika wakamtoa, na hakuna aliyeniambia amelazwa wapi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu sisi wa Mbulu, mambo ya zamani hayo, mwanamke aliyepatwa na jambo kama lile alikaa ndani. Hasalimiwi kwa mkono. Ana kikombe chake na sahani yake, haingii nyumba za watu, mpaka wazee waseme basi. Mtoto ambaye hakulia hapewi jina, wala hatajwi. Na kubwa kuliko yote, mama yake asisogelee maji ya mto wala ya ziwa. "Maji yana wenyewe," mama mkwe alikuwa akiniambia, "na wenyewe hawapendi harufu ya msiba." Alikuwa mama wa kwaya, tena sauti ya kwanza, lakini jambo hilo akitaka kulisema alikuwa anaifunga Biblia kwanza.

Nikakaa. Mwezi ukaisha, na mwingine ukaisha. Mwanzoni nilikuwa nalia, halafu hata kulia kukaniacha. Nikaacha kula, nikaacha kusema. Nikwambie kitu? Nilikuwa nakufa, na nilikuwa naona sawa tu. Jambo moja ndilo lililonikaa kooni: mtoto yule nilikuwa nimempa jina. Usiku ule ule, kimoyomoyo, nikisikiliza mvua kwenye mabati. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ningeanzaje?

Jumapili moja mama mkwe alikwenda Singe kwenye harusi. Baba Paulina akaingia chumbani na shati lake la kanisani, chupa ya chai kwapani.

"Inuka," akasema. "Nakupeleka kutembea kwa boti."

Nikamwangalia tu. Boti?

"Wenzetu wakioana wanatembezwa baharini, wanakula upepo. Mimi lori langu liko juu ya mawe, nikutembeze na nini? Nimeazima mtumbwi."

"Mama atasema nini?" Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu sijui lini.

"Mama yuko Singe. Akirudi akakuta umekufa humu ndani, mimi nitamjibu nini?" Sauti ikamkatika. Ndipo nikainuka.

Usifikiri ni boti ya maana. Mtumbwi wa gogo, wa rafiki yake mvuvi, unanuka kambale na unavuja. Alinitandikia gunia. Mbele aliweka fungu la majani mabichi, maana kwetu majani mabichi ni amani, hata ukimwendea adui.

"Si wewe ndiye usiyeamini mambo haya?" nikamchokoza.

"Kanisa halijakataza majani," akajibu, akapiga kasia.

Jamani, ziwa lilikuwa zuri! Upepo hakuna, maji yametulia, mlima Kwaraa wote umelala ndani yake kichwa chini. Baba Paulina akaanza vituko vyake. "Mheshimiwa mtalii, nyuma yako ni mji wa Babati, mji mkubwa, wenye kila kitu isipokuwa sukari, sabuni, mafuta ya taa na tairi." Nikacheka. Kicheko kilinitoka kwa nguvu mpaka nikaziba mdomo kwa aibu. Akaacha kasia, akabaki ananiangalia, machozi yanamlengalenga. Halafu akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati. Nikaonja. Sukari! Tena ya kutosha! Mpaka leo hajaniambia aliipata wapi, nami sijamwuliza.

Tukaendelea polepole kando ya matete, hatuna haraka na mtu, yeye anapiga kasia na mimi nimeshika kikombe changu. Jua lilikuwa limeanza kuinama pale ndege waliponyamaza. Wote, kwa mara moja. Kisha viboko wakaibuka. Viboko wa ziwa letu unawajua, si wa kuchezea. Wakaibuka mbele, nyuma na pembeni, masikio na macho tu juu ya maji, na hakuna hata mmoja aliyekoroma. Baba Paulina akaanza Baba Yetu, akafika katikati, akasahau.

Mimi sikuwa nawaangalia viboko. Nilikuwa namwangalia mama mmoja anayekuja kwa miguu.

Niamini. Anakuja kwa miguu katikati ya ziwa, pale ambapo hata mti mrefu haugusi chini, na maji yanamfika magotini. Anapita kati ya viboko kama wewe unavyopita kati ya ng'ombe wako zizini: huyu anamsukuma kwa kiganja, yule anamzunguka. Amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, zile za bibi zetu. Mgongoni amebeba mtoto, na mtoto alikuwa analia, kilio chembamba cha kuchoka. Uso wa yule mama siwezi kukueleza. Nilipomtazama nilijiona mdogo, nikatamani kupiga magoti. Lakini hofu? Sikuwa nayo hata chembe, na nimejiuliza maisha yangu yote ni kwa nini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mama..." akasita. "Mama nani?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mama. Akanyoosha mkono, mimi nikaurudisha wangu nyuma.

"Sisalimiwi kwa mkono," nikamwambia. "Nimefiwa."

"Najua. Lete."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, baridi ya maji ya chini kabisa, na ulinishika vizuri, kwa nguvu, mtu anavyokushika akikupa pole ya kweli. Miezi yote ile nilikuwa sijashikwa mkono. Nikalia kwa sauti.

"Mama nani?" akauliza tena. "Huyu namlea, lakini kubembelezeka hakubembelezeki. Mtoto anabembelezwa kwa jina, na huyu mmemleta hana."

Moyo ukanilipuka. Nikasimama, mtumbwi ukayumba. "Nipe mwanangu!"

"Huko hawezi kuja," akasema kwa upole. "Wewe ndiye unaweza kuja huku. Ukitaka, njoo."

Nikainua mguu. Sikufichi, nilikuwa nakwenda. Ni hatua moja tu, na kilio kile kilikuwa kinaniita. Mara nguo ikanivuta nyuma. Baba Paulina alikuwa amekamata pindo la kitenge changu kwa mikono miwili, amefumba macho. Yule mama akamtazama, akanitazama mimi.

"Na huyu," akauliza, "arudi nyumbani na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Nami nikamwona mume wangu na shati lake la kanisani limelowa, mwanaume aliyenitafutia sukari mwaka ambao sukari haikuwepo. Nikaurudisha mguu. Iliniuma, ee Mungu, iliniuma kuliko kujifungua, lakini nikaurudisha. Nikainama, nikamnong'oneza yule mama sikioni: "Tluway." Ndilo jina tunalompa anayezaliwa mvua ikinyesha.

Akageuza kichwa begani. "Umesikia? Wewe ni Tluway." Na mtoto akanyamaza.

"Nipe na hicho kikombe," akasema. "Hajaonja kitu cha kwao." Nikampa chai yangu. "Kwaheri, Mama Tluway."

Wakazama, yeye na viboko wote. Hata wimbi halikutugusa.

Baba Paulina alipofumbua mdomo, alikuwa anababaika. "Mke wangu, ulikuwa umemshika kiboko kichwani." Ndivyo alivyoona yeye kabla hajafumba macho: kiboko jike, ndama mgongoni, limejileta lenyewe mpaka ubavuni mwa mtumbwi, na mimi naongea nalo. Nikamwuliza, basi kikombe kiko wapi? Tukapekua chini ya gunia na chini ya majani. Hakipo. Kasia lilimshinda kabisa. Mimi ambaye asubuhi nilishindwa kuinua ndoo, nilipiga kasia mpaka nchi kavu.

Mama mkwe aliporudi alinikuta jikoni nasonga ugali. Akaanza kufoka, nimetoka kwa ruhusa ya nani! Akanikamata mkono anirudishe ndani, na papo hapo akauachia. Akaushika tena taratibu, akaupapasa. "Basi," akasema. "Wenyewe wameshakutoa." Jioni hiyo tulikula sahani moja.

Mkono ndio huu, hebu shika. Unaona? Niuweke juu ya moto, niufukie kwenye majivu, haupati joto. Kanisani wageni wakinipa amani wanashtuka, wenyeji wamezoea.

Tangu hapo kila Jumapili napeleka chai ziwani, namwaga kikombe kimoja kando ya matete. Baba Paulina alikuwa ananisindikiza, anasimama mbali, haulizi. Jina lile sikumwambia. Kila nikitaka kulisema, ulimi unakuwa mzito. Paulina wetu akazaliwa, akakua, akaanza kusema sema. Jumapili moja sukari ilikuwa imeadimika tena, nikamwaga chai isiyo na sukari. Paulina alikuwa amechuchumaa anachezea tope. Akainua kichwa.

"Mama, Tluway anauliza, leo sukari iko wapi?"

Baba yake akasogea, akachutama mbele ya mtoto. "Tluway ni nani?" akauliza, lakini alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia. Hivyo ndivyo alivyolijua jina la mwanawe wa kwanza. Akalirudia mara moja, kwa sauti ndogo, akielekea majini. Kisha akatangulia nyumbani, na tulipofika tukalisikia shoka nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliye kijana. Mtoto akikujia, hata asipolia, hata asipofumbua jicho, mpe jina siku hiyo hiyo. Litamke kwa sauti, na baba yake asikie. Usingoje kuulizwa na mwingine, maana si kila anayeuliza atakuachia urudi.

Watu wote hapa mjini wananiita Mama Paulina. Ukipita kando ya ziwa jioni ukasikia anaitwa Mama Tluway, usiitike. Ni mimi ninayeitwa.