Meli ya Vita Iliyotuokoa Ziwani

Asubuhi ile mume wangu Amisi alikuwa kibarazani akitengeneza redio ya jirani, nami nikikaanga mihogo. Tulikaa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Binti yetu Neema, mtoto mdogo bado, alikuwa na malaria. Tulikuwa tumepanga kumrudisha zahanati baada ya kula.

Hatukula. Milio ya bunduki ilianza upande wa barabara kuu.

Ufukweni boti la mbao lenye injini lilikuwa limeshajaa. Mwenye boti alikubali kumpokea mwanamke na mtoto tu.

"Panda, Mama Neema," Amisi aliniambia. "Namfuata mama yangu. Nitakuja na boti lingine."

Boti likasukumwa kabla sijamjibu.

Katikati ya ziwa injini ilizimika.

Maji yakaanza kuingia. Tuliyachota kwa sufuria.

Neema akaacha kulia.

Alasiri tuliona meli. Ilipunguza mwendo, ikatugeukia. Mabaharia walitushushia kamba, na mzee mmoja mwenye mikono ya grisi akainama mlangoni mwa meli akampokea Neema kwanza. Alikuwa Mtanzania, fundi wa injini, wakimwita Mzee Shabani. Alitukalisha mahali penye joto karibu na mitambo, akaleta chai ya sukari na dawa ya malaria. Kisha akakaa karibu nasi, akaanza kunisimulia habari za meli yake.

"Hii iliundwa na Wajerumani kwa vita vyao, vile vya kwanza vya dunia, mama. Ilikuja Kigoma vipandevipande kwa treni, ikafungwa mizinga. Waliposhindwa, waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito."

"Kwa nini?"

"Fundi hapendi kuua injini. Waingereza walipokuja kuiibua, ikatengenezwa, ikatembea. Mizinga haina tena. Siku hizi inabeba dagaa, mahindi na watu kama nyinyi."

Neema akafumbua macho, akaomba chai.

Kutoka Kigoma tulipelekwa kambi ya wakimbizi, na baada ya miaka kadhaa tukafika Johannesburg. Nimepanga chumba mtaa wa La Rochelle, nashona sare za shule. Neema sasa ni msichana mkubwa. Kiswahili anakisikia, ila hunijibu kwa Kiingereza, na wenzake huongea nao Kizulu.

Mwaka jana shemeji yangu, ndugu yake Amisi, alinipata kwa simu. Amisi aliuawa wiki ileile, yeye na mama yake, njiani kuelekea milimani, kwa kuwa boti lingine halikupatikana. Tuliweka matanga chumbani kwangu. Wakongo walikuja, Warundi wakaja, na mama mwenye nyumba, Mzulu, akaleta viti na sufuria kubwa la chai bila kuombwa.

Wageni walipoondoka Neema aliniuliza, safari hii kwa Kiswahili, neno moja moja:

"Baba alijua sisi tulipona?"

Swali hilo nami nilikuwa nimemuuliza shemeji. Alinijibu kwamba wachuuzi waliotoka Kigoma walifika Baraka na habari za boti lililookolewa, na jina la Neema wakalitaja. Amisi aliwaomba walirudie. Halafu akakaa chini, akalia, akacheka.

"Alijua," nilimwambia binti yangu.

Mume wangu sina, na kaburi lake silijui. Lakini alikufa akijua tuko hai. Kwa hilo namshukuru Mungu, na mabaharia wale, kila ninapoamka.